Ini la Wakoli kwa Jina Langu

Jumatatu, 8 Septemba

Sijaamini. Nimeenda kliniki kwa ajili ya kiungulia, nimerudi na ini lenye mafuta! Daktari, binti mdogo wa miwani, alinionyesha kwenye skani. Daraja la pili, akasema. Eti dawa yake si sindano. Nipunguze tumbo, nitembee kila siku, niache bia, soda na vya kukaanga. Nikifuata hayo, ini litarudia hali yake. Mimi! Mwenye kibanda cha chipsi Kaloleni!

Mke wangu Naswa alikuwa papo hapo, akisikiliza kila neno.

Jumanne, 9 Septemba

Chakula cha jioni: samaki wa kuchemsha, mboga ya mrenda, na ugali wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nilidhani ni wa kuonja tu.

Hilo si kitu. Jumamosi wakwe watarajiwa wanakuja kutoka Kombewa kumposa binti yetu Sylvia, na Naswa ametangaza kwamba firigisi ya kuku atapewa Wakoli. Nyumbani kwangu! Kwetu Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba, tangu enzi za babu. Wakoli ni mdogo wangu tu, anauza soda kando ya kibanda changu. Naswa anasema firigisi itakaangwa na ini langu haliwezi. Nikamwuliza itakuwaje nikipona kabla ya Jumamosi. Akasema nilete karatasi ya daktari.

Jumatano, 10 Septemba

Jamani, nina akili. Wakoli ni mwembamba hata mshipi wake umeongezwa matundu. Mtu kama huyo mafuta atayaweka wapi? Nimemwomba aende kliniki nyingine, upande wa pili wa mji, apigwe skani kwa jina langu. Akasita. Nikamwahidi koti langu la kijivu alivae Jumamosi. Akaacha kusita.

Alhamisi, 11 Septemba

Wakoli kaleta bahasha. Sikuifungua. Nilimkabidhi Naswa, nikakaa vizuri, nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Mafuta kwenye ini, daraja la tatu. Mgonjwa amwone daktari haraka.

La tatu!

Naswa akaketi juu ya ndoo. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akauliza polepole, "Baba Sylvia, umekula nini tangu Jumatatu?"

Tangu Jumatatu nimekula chipsi chache tu, za kuonja chumvi. Sasa hata ule ugali wa ngumi umepunguzwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo asubuhi ndipo iliponiingia akilini. Lile ini ni la Wakoli! Jana nzima nimeomboleza firigisi, kumbe mdogo wangu ni mgonjwa. Niliogopa kweli. Nikimwambia, Naswa atajua. Nisipomwambia, je? Nikamtazama Wakoli akifungua soda ya tatu, na saa nne haijafika. Nikampokonya chupa, nikamweleza yote. Alicheka, akasema watu wembamba hawana mafuta. Nikampa karatasi. Akaisoma mara mbili. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hili ini ni langu?"

Nikasema ni lake. Nikageuka, na Naswa alikuwa nyuma yangu na beseni la viazi.

Aliyoyasema siyaandiki. Alitukokota wote wawili hadi kwa binti wa miwani. Wakoli akapimwa upya, kwa jina lake. Daraja la tatu tena. Daktari akasema wembamba si kinga, zile soda zimekuwa zikimuumiza kimyakimya. Lakini naye anaweza kupona akifuata masharti kama yangu. Turudi kupimwa baada ya miezi mitatu.

Jumamosi, 13 Septemba

Dunia imekwisha. Wageni walijaa sebuleni. Mimi na Wakoli tulikaa pembeni na mrenda wetu, yeye ndani ya koti langu. Naswa akaingia na firigisi kwenye sahani. Akanipita. Akampita Wakoli. Akavuta kiti karibu na Mzee Obiero, baba ya bwana harusi mtarajiwa, akaketi na kuila mwenyewe! Mwanamke! Mbele ya wakwe! Mzee Obiero alibaki na kijiko hewani. Sylvia alicheka hadi akatoka nje. Naswa akapangusa vidole, akawaambia wageni kwamba ini lake yeye ni zima.

Uchumba umekubaliwa. Sijui vipi.

Jumapili, 14 Septemba

Wakoli ametembea hadi Dunga na kurudi kabla ya kanisa. Soda hagusi, anakunywa maji matupu. Alinishika mkono akaniambia kwamba nimeokoa maisha yake. Nilikubali.

Nimefikiri sana wakati wa mahubiri. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimtuma kabla hajapona. Akiendelea hivi, baada ya miezi mitatu ini lake litakuwa safi. Basi atapimwa mara mbili, kwanza kwa jina lake, kisha kwa langu. Ya nini ndugu wawili kuteseka wakati mmoja anatosha? Kuanzia kesho nitamwamsha mwenyewe alfajiri akatembee. Nami nitakuwa nyuma yake kwa bodaboda, nikimhimiza aongeze mwendo.