Njooni Mchukue Tepe Zenu

Karakana ya Sare,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo.

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Utafiti wa Tabia za Watu.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAHUSU: KUACHIWA TEPE KUMI NA TATU BAADA YA UTAFITI KWISHA

Natanguliza heshima, na natumaini barua hii itakukuta mzima, ofisi yako ikiwa na umoja na wafanyakazi wako wakiwa bado wanasalimiana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja, mwenyeji akaugua, na ugonjwa wenyewe nitaueleza taratibu kwa sababu kazi yangu ni kukata vitambaa, na kitambaa hukikati kwa haraka ukabaki na kazi.

Humu karakanani tuko kumi na watatu: mimi kwenye meza ya kukatia, mama watoto wangu anayeshona vifungo, mpiga pasi, bibi wa ovaloki, na washonaji tisa wa cherehani. Tunashona sare za shule. Miezi mitatu iliyopita watafiti wako wawili, dada mmoja mwenye miwani na kaka mmoja mwenye kikohozi, walituomba tushiriki katika utafiti wa wiki mbili kuhusu namna watu wanavyojigawa kisiasa. Tukakubali, maana walikuwa na adabu na kazi ilikuwa chache. Kila mmoja akachota karatasi kwenye mfuko. Aliyepata nukta akapewa utepe wa bluu afunge mkononi, aliyepata mstari akapewa wa njano. Bluu tukawa saba, njano sita. Kila jioni tulijaza hojaji: nani mchapakazi, nani mwaminifu, nani ungemwazima mkasi wako. Wiki mbili zilipoisha, watafiti walitushukuru, wakakusanya hojaji zao na kuondoka. Tepe wakatuachia.

Hapo ndipo kosa lilipo. Tepe zenu zilikuwa zimekatwa tu na kuachwa, nyuzi zinafumuka kila upande. Nikuulize kama mtu mzima mwenzangu: ni fundi gani anayejiheshimu atashinda na kitambaa kisichopindwa mkononi, mbele ya wateja? Siku ya tatu bibi wa ovaloki, ambaye ni njano, alizipitisha tepe za wenzake wote kwenye mashine yake ya kufunga kingo zisifumuke. Sisi bluu tukapinda zetu kwa mkono, mshono usioonekana. Wao wakaongeza lesi. Sisi tukadarizi. Utafiti ulipokwisha, kitu ambacho ninyi mlitaraji kitupwe kilikuwa kimeshonwa vizuri kuliko sare yoyote tuliyowahi kutoa, na mtu hatupi kazi ya mikono yake. Ripoti yenu mliyotutumia baadaye inasema jaribio hilohilo lilifanywa kwanza kwa wanafunzi wa chuo, nao walizivua siku ileile. Bila shaka. Wanafunzi hawajui kupinda.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonishikisha kalamu ni kwamba mke wangu alichota mstari. Tumeoana miaka kumi na tisa, na hii ni wiki ya tano haongei nami ila kwa mambo ya lazima, kama chumvi na ufunguo. Nataka aongee nami tena. Malalamiko yafuatayo yote yanaelekea hapo, hata yale yatakayoonekana kama yamepotea njia.

1. Ripoti yenu haina usawa. Ukurasa wa sita mmeandika kwamba watu wakigawanywa kwa bahati nasibu tu, kila upande huanza kudhani ni bora kuliko mwingine. Kwa upande wa njano mmepatia kabisa. Wanadhani, na wanakosea. Sisi hatudhani. Nimefanya kazi na watu hawa miaka mingi na sikuwahi kugundua jinsi njano walivyo wavivu mpaka mliponionyesha ni akina nani. Mwenye macho haambiwi tazama. Hata neno "bahati nasibu" naomba mlifikirie upya, kwa sababu haiwezekani mfuko wa karatasi ukawachagua watu makini saba mfululizo kwa kubahatisha.

2. Kazi imeharibika. Pasi iko kwa bluu na ovaloki iko kwa njano. Mpiga pasi wetu hanyooshi nguo ya njano, na bibi wa ovaloki hagusi nguo ya bluu. Mwalimu mkuu mmoja alikuja kuchukua sketi arobaini akakuta ishirini zimenyooka lakini zinafumuka, na ishirini zimetiwa ovaloki lakini zimejikunja kama zimetolewa mdomoni mwa ng'ombe. Akauliza kama humu ndani hakuna watu wazima. Tukamjibu wapo saba. Aliondoka na sketi zake chini ya kwapa na hajarudi.

3. Mmevuruga uadui uliokuwa na utaratibu. Fundi kola ni wa chama tawala na fundi marinda ni wa upinzani. Kwa miaka kumi hawakuwahi kunywa chai meza moja, na sote tulijua nani akae wapi. Sasa wote ni bluu. Wanakunywa chai kikombe kimoja, wanaitana pacha, na juzi nilimsikia wa upinzani akimtetea mbunge wa mwenzake kwa hoja kwamba "angalau hana mambo ya njano". Huku fundi marinda na dada yake wa tumbo moja aliyechota mstari, waliolelewa katika chama kimoja na kuandamana pamoja mvuani, hawapeani hata uzi. Ukurasa wa tisa mmeliita jambo hilo "matokeo yenye kutia moyo". Sijui mlitiwa moyo na yupi kati yao.

4. Wanasiasa wamenusa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mgombea wa kwanza wa udiwani alipopita kuomba kura, hakuuliza habari za bomba la maji lililopasuka mbele ya ngazi zetu, ambalo tunalivuka kwa ubao tangu mwaka jana. Aliuliza bluu ni wangapi. Alipoambiwa saba, alinyoosha mkono afungwe utepe, akatangaza kwamba damu yake tangu utotoni ni ya bluu, jambo lililotushangaza kwa mtu aliyewahi kuwa na bucha. Baada ya siku mbili mpinzani wake alikuja akafungwa wa njano. Sasa kinyozi wa chini ana utepe, gereji ya jirani wana tepe, na tumeagizwa tushone nyingine mia nne. Watu ambao hawakuchota karatasi yoyote wanaulizana barabarani, "Wewe nukta au mstari?" Mgombea wetu ameahidi kwamba akichaguliwa nukta itaheshimiwa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, kisha nikateremka nikavuka maji kwa ubao.

5. Dawa mlizoandika hazifanyi kazi. Ukurasa wa kumi na moja unasema pande mbili hupatana zikipewa kazi ya pamoja. Nikamtafutia mke wangu kazi ya pamoja. Nilimpelekea tepe zetu saba nikamwomba atushonee vifungo vidogo vya bluu. Alizisogeza kando, akashona kifungo cha shati alilokuwa nalo. Ukurasa wa kumi na mbili unasema mtu akionyeshwa ushahidi unaopinga msimamo wake huweza kuung'ang'ania zaidi. Hilo nimelithibitisha mwenyewe. Nimembishia kwa ushahidi mara nne, pamoja na orodha ya kasoro kumi na moja za njano niliyomwandikia kwa upendo nyuma ya karatasi ya kiolezo cha suruali, na kila mara nimetoka hapo nikiwa na uhakika zaidi kuliko nilivyoingia.

6. Nyumbani. Hapa naomba radhi, si desturi yangu kutoa ya ndani nje. Zamani tulirudi nyumbani pamoja, yeye akihesabu ngazi kwa sauti kwa sababu taa ya ngazini imeungua, mimi nikibeba mkoba wake. Sasa hutangulia. Akifika hupika, huweka chakula mezani, hukaa upande wake na kutazama dirishani. Nikimweleza mafanikio ya bluu ya siku hiyo, na huwa mengi, huitikia "haya". Nimehesabu: Jumanne iliyopita alisema "haya" mara kumi na nne, na hakuna neno jingine. Hapo awali alikuwa mbishi kiasi kwamba majirani walikuwa wanapunguza sauti ya redio wamsikilize. Nimechunguza nikaona kunyamaza huku ni mbinu mpya ya njano, wamefundishana, na inauma kuliko kelele. Sikujua kwamba nyumba ya vyumba viwili inaweza kuwa kubwa hivyo.

Kutokana na hayo, naomba mambo matatu.

(a) Watafiti warudi na mfuko uleule, na mke wangu achote tena karatasi, arudie kuchota mpaka apate nukta. Tuna subira, na maji ya chai yapo.

(b) Ikiwa sayansi hairuhusi kurudia, basi ofisi yako itoe cheti chenye muhuri kinachosema njano ilikuwa kosa la uchapaji. Nitakitia fremu, watu wa chini wanauza vioo.

(c) Ikiwa hata hilo ni gumu, muishauri serikali watu wote nchini wapewe nukta kwa sheria, ili kusiwe na pande tena na tuishi kwa amani. Watakaokataa wasilazimishwe, maana sisi si watu wa mabavu. Wapewe tu utepe wa rangi nyingine, wajulikane.

Najua mnaweza kusema kwamba mimi mwenyewe ningeweza kuuvua huu wa kwangu. Wazo hilo nimelipima mara mbili, kama ninavyopima kila kitu, na nimeona kwamba mtu mmoja akivua tunabaki sita kwa sita, na hapo ndipo hatari ilipo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa kuwa haki hutaka pande zote zisikilizwe, kabla ya kuituma barua hii nitampa mke wangu aisome, aweke sahihi kwa niaba ya njano. Nimemchagua yeye kwa sababu ndiye aliyesoma zaidi kati yetu, na kwa sababu itambidi anirudishie mkononi.

Nifikishie salamu kwa dada mwenye miwani, kwa kaka mwenye kikohozi, ambaye natumaini kimepoa, kwa wapishi wa chai wa ofisini kwenu, na kwa wote mliojumlisha majibu yetu. Msalimieni pia dereva wenu, aliyewasubiri nje wiki mbili bila kupewa utepe, na kwa maoni yangu ndiye mtu pekee aliyeondoka hapa na akili zake timamu.

Wako katika kutafuta maelewano,

Mkata Vitambaa,
Mwenyekiti wa Bluu (wa muda, kwa kura saba).

Tanbihi. Nimempelekea barua hii mke wangu kwenye meza ya vifungo. Aliisoma amesimama, kurasa zote, hakuruka hata maombi. Nikamwonyesha pa kuweka sahihi.

Hakuweka. Alisema, na ninayaandika kama alivyoyasema kwa kuwa nimeahidi kusikiliza pande zote: "Baba watoto, utepe niliuvua wiki ileile walipoondoka. Nimeutumia kufungia mfuko wa vifungo. Mimi si njano. Nilikwambia mama amelazwa, ukaniuliza pasi iko kwa nani. Nikakwambia tena kesho yake, ukanisomea ukurasa wa sita. Nikaacha kukwambia." Kisha akasema hata kabla hamjaja ilikuwa hivyohivyo, kwamba kabla ya tepe nilikuwa na uchaguzi, kabla ya uchaguzi nilikuwa na mpira, na kwamba ninyi mlinipa rangi tu. Hakupandisha sauti. Alivaa viatu vyake vya kutembelea, akachukua chupa ya chai na shuka safi, akateremka.

Nimetazama. Mfuko wa vifungo umefungwa kwa utepe wa njano, na uko hatua nne kutoka meza yangu.

Kwa hiyo naomba muyafute malalamiko ya kwanza hadi ya sita, na maombi yote matatu. Tepe mnaweza kuzifuata au kuziacha. Kama mna utafiti wowote kuhusu mtu aliyekaa na mwenzake wiki tano bila kusikia neno moja alilosema, akadhani ni yeye anayenyamaziwa, nitumieni niusome, ila msinitumie leo kwa sababu sitakuwepo. Saa za kuona wagonjwa zinaanza saa kumi. Sijui ni wodi ipi, na wa kumwuliza ametangulia.