Ásmundur na Kifuniko cha Hodhi

Tangu kijiji chetu cha Gjallarvík kiwe kijiji, hajatokea mwanamume aliyechekwa hadharani kama Ásmundur. Wala si kuchekwa kwa kunong'onezana dukani. Ni kuchekwa kwa jukwaani, kwa nyimbo na kinanda, watu wakipiga meza mpaka bilauri zinaanguka.

Huku kwetu Aislandi baridi ikishafika kooni tunafanya karamu. Watu wazima wanavaa suti, wanakula kichwa cha kondoo na nyama ya papa iliyooza ikaiva, wanaisukuma kwa pombe kali, halafu kamati inapanda jukwaani kuigiza vituko vyetu wenyewe vya mwaka mzima. Nani aligonga mlango wa kanisa kwa trekta. Nani alimwandikia mpenzi wake maneno matamu yakaenda kwa mchungaji. Hatuna mfalme wa kumcheka, basi tunajicheka wenyewe, na tunajitosha.

Ásmundur alikuwa hakosi kuigizwa. Mwaka jana trampolini ya wajukuu wake, lile turubai la kurukarukia, ilipaa na upepo, ikavuka barabara kama malaika mlevi, ikatua juu ya zizi la watu. Karamuni akaigizwa na mwalimu wa shule aliyevaa pua ya bandia ya ukubwa wa kiazi. Trampolini aliweza kuisamehe. Pua, hapana.

"Mwakani simo," aliapa usiku ule ule, mbele ya mkewe Dýrfinna na kipande cha papa kikiwa bado mdomoni. "Watatafuta mpaka wachoke. Simo."

Na kweli, mwaka mzima alitembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Hakubishana na mtu. Hakupanda ngazi. Kwenye harusi ya dada yake alikaa kitini kama kabati, hakucheza hata wimbo mmoja, maana magoti yake yana historia. Mwaka ukaenda, karamu ikabaki siku chache tu, ifanyike Jumamosi, na Ásmundur safi kama sahani ya mchungaji.

Ndipo Jumanne jioni televisheni ikatoa utabiri.

Yule binti wa hali ya hewa alisimama mbele ya ramani, na ramani yote ya upande wetu ilikuwa nyekundu. Hewa ya Aktiki inateremka, alisema, na upepo wa kupindua magari. Watu wafunge kila kitu kilicho nje, kisha wakae ndani.

"Umesikia?" Ásmundur akamwambia mkewe. "Serikali yenyewe imenikataza kufanya kituko."

"Basi kaa," alisema Dýrfinna. Alikuwa anafuma soksi, hakuinua macho.

"Nakaa. Mimi na kiti hiki kitu kimoja mpaka Jumamosi. Ila huyu binti anatisha watu bure. Upepo gani huu? Mimi nimekula dhoruba za bahari kuu, mke wangu. Mawimbi kama makanisa."

"Ulikuwa mpishi wa meli. Hukuzila, ulizipikia."

Ásmundur akajifanya hajasikia. Akavaa koti, akatoka kufunga vitu. Alifunga mapipa ya taka, akafunga toroli, akafunga gari kwenye nguzo ya baraza kana kwamba ni farasi. Trampolini alikuwa ameshaizika kwenye ghala chini ya nyavu, kama maiti ya adui. Mwisho akaliendea hodhi la kuogea lililo uani, la maji moto yatokayo ardhini. Akalijaza mpaka juu ili liwe zito, kama afanyavyo kila mwenye akili hapa kijijini, akalifunika kwa kifuniko chake kipana, akakaza mikanda.

"Hodhi hilo," alimwambia Dýrfinna akikung'uta theluji mlangoni, "hata ukija mwisho wa dunia, utalikuta limekaa."

Asubuhi ya Jumatano, kukiwa bado giza, mwisho wa dunia ukaja.

Upepo wa kwetu hauvumi, unadai. Ulianza kutikisa bati kwa adabu, kisha adabu ikaisha. Theluji ilipita dirishani kwa ubavu, nyingine ikirudi ilikotoka kwa hasira ya kukosa pa kuangukia. Ásmundur alikuwa kitini kwake, na suruali ndefu ya ndani ya sufu na fulana, anakunywa kahawa, mtu na ahadi yake. Ndipo akasikia uani: pa. Kisha: pa, pa.

Akasogeza pazia. Mkanda mmoja wa kifuniko ulikuwa umekatika. Kifuniko kinafunguka na kujifunga kama mdomo wa mtu anayesimulia ugomvi.

Sasa, upande wa chini wa ua wa Ásmundur, mteremkoni, kuna nyumba ya Steinvör. Steinvör ni mwokaji mikate, na dhoruba ikija ndiye mkuu wa kikosi cha uokoaji cha kijiji. Uani kwake amejenga kibanda cha vioo cha kuoteshea nyanya, na nyanya zile anazipenda kama watoto wa kuasili. Mume wa Steinvör ni Bárður. Na Bárður ndiye mwenyekiti wa kamati ya karamu.

Ásmundur akaona yote kwa mpigo mmoja: kifuniko hewani, kifuniko juu ya vioo, Bárður anachukua kalamu, mwalimu anatafuta pua.

"Unaenda wapi?" aliuliza Dýrfinna.

"Siendi popote," alisema Ásmundur, tayari yuko mlangoni na soksi tu miguuni.

Uani upepo ulimpokea kwa kofi. Alikwenda kwa magoti, akafika kwenye hodhi, akajitupa juu ya kifuniko kwa uzito wake wote, na uzito anao. Upepo ukaingia chini ya kifuniko, ukamnyanyua pamoja nacho kama mandazi kwenye kijiko, ukamtazama kidogo, ukamgeuza. Ásmundur akaingia kwenye maji moto, kichwa kikitangulia.

Alipoibuka, kifuniko kilikuwa kimebaki na mkanda mmoja tu, nao unalia. Akakamata vishikio vya chini yake kwa mikono miwili, akakivuta mpaka kikamfunika. Kimya. Giza. Joto zuri la ardhini likampanda mgongoni. Kwa dakika moja tamu alijiona mshindi.

Kisha akafikiri. Akikiachia kifuniko, kinaenda kwa nyanya. Asipokiachia, hatoki. Na akitoka, amelowa chapachapa kwenye baridi ile, ataganda njiani kabla hajaufikia mlango wake, na watu watamkuta kesho amesimama uani kama sanamu ya shujaa asiyejulikana.

Basi akakaa. Akaiva polepole, kama kichwa cha kondoo cha karamu.

Jikoni, Dýrfinna alishikilia kikombe na kutazama. Kifuniko kiliinuka kidogo, ukatokea uso mwekundu wa mumewe, mdomo ukasema kitu, na upepo ukakichukua kitu hicho ukakipeleka Grinilandi. Dýrfinna akainua simu amwonyeshe: niwaite kikosi? Ásmundur akatikisa kichwa kwa nguvu. Akatoa mkono mmoja nje, akaupitisha shingoni, kama kisu. Yeye alimaanisha: kata simu. Dýrfinna akaelewa: nakufa.

Kikosi kilifika kikitambaa, kimefungana kamba, na nguo zao nyekundu na buluu. Steinvör mbele. Aligonga kifuniko kama mtu anayebisha hodi.

"Nani humo?"

"Hakuna mtu," ilijibu sauti.

"Ásmundur, ni mimi Steinvör. Toka, baba."

"Sitoki. Nipo vizuri. Naoga."

"Na suruali ya sufu?"

"Shika kwanza kifuniko," alisema Ásmundur kwa unyonge. "Nyanya zako, dada. Nilikuwa nazilinda nyanya zako."

Wakakishika kifuniko, wakakifunga, wakamvuta Ásmundur kwa makwapa. Mlango haukuwa mbali, lakini suruali ile iliganda njiani hata hivyo. Walimwingiza nyumbani ubavu-ubavu, amekakamaa kama samaki wa kuanikwa, wakamsimamisha ukutani ayeyuke.

Meno yalipoacha kugongana, akamshika Steinvör mkono.

"Mwanamama, nakuomba kwa kila kilicho kitakatifu. Bárður asijue."

Steinvör akavua kofia. Hakucheka, na kutocheka kule kulimchosha kuliko kutambaa. "Kikosi hakisemi," alisema. "Tuliowaokoa hatuwataji. Hata kwa waume zetu, hata kitandani. Tumeapa. Pumua."

Na hawakusema. Dhoruba ikapita, Jumamosi ikafika, na Ásmundur akaingia ukumbini na suti na tai, kifua mbele kama meli iliyorudi na samaki.

Mchezo ukaanza. Wakamchoma mchungaji kwa nyimbo za kejeli. Wakamchoma daktari wa mifugo aliyeng'atwa na kondoo mmoja mara mbili. Wakamchoma Steinvör mwenyewe kwa mkate aliousahau tanurini mpaka moshi ukaita kikosi, yaani ukamwita yeye. Ásmundur alicheka kuliko wote, huku akitafuta ile pua ya bandia kwa kila mtu mpya aliyepanda jukwaani. Kinanda kikapiga wimbo wa mwisho. Pazia likafungwa.

Hayumo.

Alisimama, akapokea pombe, akangoja pongezi. Badala yake watu walimpisha njia taratibu. Mmoja akamwekea kwenye sahani kipande cha papa kilichonona kuliko vyote. Mwingine akamsugua bega. Mwisho Bárður akaja, amepunguza sauti kama yuko hospitali.

"Kaa, mzee mwenzangu. Usisimame sana. Ni ini?"

"Ini gani?"

"Au moyo? Hatulazimishi useme." Bárður alimkalisha mwenyewe. "Kamati ilikaa, tukatafuta kituko chako, hakuna. Mwaka mzima! Hukugombana na mtu, hukupanda ngazi. Harusi ya dada yako hukucheza. Tukatazamana. Nikasema, jamani, huyu mtu anaumwa. Na desturi unaijua, aliyefiwa na aliye karibu kwenda hatumwigizi."

Ásmundur akatazama huku na huku. Ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia kwa macho ya msibani. Wajane wawili walikuwa wanajifuta machozi, na mwalimu wa shule, pua mfukoni, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi mzima kama jiwe," alisema. "Jumatano nilikuwa ndani ya hodhi!"

"Sawa, baba."

"Nimeshika kifuniko! Upepo ulinirusha juu, nikaingia kwa kichwa, nikakaa mle mpaka nikaiva. Kikosi kilinibeba nimeganda. Walinisimamisha ukutani, Bárður, kama ubao!"

Akapanda jukwaani ili waone vizuri. Akaonyesha jinsi alivyotambaa. Akaigiza upepo, akaigiza kifuniko, akaigiza suruali. Yale yote aliyoyaogopa mwaka mzima aliyafanya mwenyewe, bila kinanda, na hakuna aliyecheka. Kule nyuma mtu alinong'ona, "Homa hiyo imeshapanda kichwani."

"Steinvör!" aliita. "Waambie!"

Steinvör alikuwa anatafuna kondoo. Alimeza kwanza. "Kikosi hakisemi," alisema kwa huzuni, na kila mtu akamwona mwanamke mwenye heshima anayekataa kumwaibisha mgonjwa.

"Mke wangu, basi. Sema wewe."

Dýrfinna alifungua mdomo. Alikusudia kusema kweli, hilo tusimnyime. Lakini papo hapo kiongozi wa kwaya alikuwa amemshika mkono, anamwambia, "Shoga, wewe usihangaike na jiko kipindi hiki. Usioke, usipike. Tumeshapangana zamu, tutaleta kila kitu."

Dýrfinna akaufunga mdomo.

Wakamvika Ásmundur koti, wakamzungushia skafu za watu mbalimbali, wakamtoa nje polepole, mmoja kila upande, huku akiwaeleza habari za vishikio.

Jumapili mlango uligongwa tangu asubuhi. Zilikuja chapati nyembamba za sukari, ikaja nyama ya kondoo ya moshi. Mchungaji alikuja na kitabu cha nyimbo, akauliza kwa upole kama mgonjwa ana anazozipenda zaidi. Kiongozi wa kwaya alikuja na keki ya tabaka yenye jamu.

"Anaendeleaje?"

"Mimi mzima!" ilinguruma sauti kutoka chumbani. "Mzima, nasema! Njooni mlione hilo hodhi!"

Kiongozi wa kwaya akafumba macho kwa uchungu. "Maskini. Bado ana sauti."

"Asubuhi ndiyo anakuwa na nguvu nguvu," alisema Dýrfinna akiipokea keki. Aliitazama, akaipima uzito, akashusha pumzi kama mjane. "Jamu inamsumbua kidogo. Kwa hali aliyonayo, kinachopita ni chokoleti."