Shikamoo ya Tairi Moja

Jamani, leo sura yangu nimeiacha uwanja wa mpira, hapa Ihanja. Atakayeiokota abaki nayo.

Iko hivi. Jumamosi tunapeleka posa kwa kina Neema. Mshenga wangu keshamwambia baba yake kwamba mimi ni bodaboda mtulivu, naendesha kama nimebeba mayai. (Ndiyo kazi ya mshenga, msimlaumu.) Mimi nikawaza: siku ya harusi, msafara ukitoka kanisani, bwana harusi lazima anyanyue tairi la mbele hata kidogo!

Nikamfuata Hamisi wa kijiweni kwetu anifundishe. Hamisi ana masharti.

"Helmeti kichwani. Gia namba moja. Mguu usitoke kwenye breki ya nyuma, ikitaka kukulalia unakanyaga. Na klachi, kaka, iachie kwa adabu."

Halafu akanifunga vipande vya godoro magotini, viwikoni na makalioni, kwa mipira ya kufungia mizigo. (Naam, makalioni. Endeleeni kusoma.)

Asubuhi nzima tairi limegoma. Nabana klachi, naongeza mafuta, naachia, pikipiki inakohoa na kuzima. Hata mbuzi waliokuwa pembeni walichoka kutazama.

Nikajaribu tena. Klachi nimeibana, injini inanguruma, nikamsikia Hamisi: "Mkweo huyo!"

Baba Neema na baiskeli yake, anakatiza uwanjani. Ananitazama mimi!

Sasa nyie mnajua tulivyolelewa. Mkubwa humsalimii ukiwa na kofia kichwani. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kuvua helmeti. Ule ule uliobana klachi!

"Shikamoooo baba!"

Tairi likanyanyuka. Lilinyanyuka vizuri, sitaki kudanganya. (Breki? Breki gani?) Pikipiki ikaenda peke yake kidogo, ikalala. Mimi nimekaa chini juu ya godoro langu, helmeti mkononi. Neema ndiyo basi tena, nikajua.

"Marahaba," mzee akasema. Akashuka kwenye baiskeli, akanizunguka taratibu. "Umeumia?"

"Hapana, baba."

"Mayai je?"

Hamisi kajificha nyuma ya mlingoti wa goli. (Mlingoti wenyewe mwembamba kuliko yeye.)

Mzee akapanda baiskeli yake. "Jumamosi mje. Ila wewe uje kwa miguu. Na hilo godoro liache, kwangu viti vipo."

Kwa hiyo anayetaka kucheka acheke leo amalize. Jumamosi mnanisindikiza, na tunatembea.