Breki za Baba na Koo Langu

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, kando ya barabara kuu, mbele ya kwaya nzima ya shule. Nina hasira hadi vidole vinagonga herufi vibaya, kwa hivyo mnivumilie.

Kwanza mjue hali yangu. Mimi siwezi kuimba mbele ya watu. Naweza kuimba nikiosha vyombo, mlango umefungwa, basi. Sasa Madam Rehema, mwalimu wetu wa muziki, alinisikia siku moja kwenye kwaya, nimejificha katikati ya sauti za wenzangu, akaamua kwamba siku ya wazazi nitasimama mbele niimbe peke yangu. Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Nikaumwa koo. Wiki nzima nimeenda shule na skafu shingoni (Malindi, na joto hili), natafuna tangawizi, naulizwa maswali najibu kwa kichwa. Madam akanihurumia. Akasema leo nisiende hata mazoezi ya Jumamosi, na kama sauti haitarudi atatafuta mwingine. Yaani nilikuwa nimeshaokoka.

Sasa Baba. (Hasira inaanzia hapa.)

Gari letu lina ugonjwa. Ukizunguka nalo hapa mtaani Muyeye halina neno. Likishika njia ya Kilifi, likakolea mwendo, halafu Baba akanyage breki, usukani unamtetemeka mikononi kama mtu mwenye malaria. Akiachia breki, kimya. Nilimwambia mapema kabisa: "Baba, ingekuwa magurudumu hayajabalansiwa, usukani ungetetemeka hata bila kukanyaga breki. Hizo ni diski za breki, zimepinda." Nilikuwa nimetazama video ya fundi akifungua gurudumu, na isitoshe ni fizikia tu. Akanijibu, "Sidi, soma vitabu vyako." (Ndivyo nilivyokuwa nimesoma!) Akaenda kubalansi magurudumu. Ukatetemeka. Akahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Ukatetemeka. Jirani akamwambia huenda ni barabara ndiyo inayotetemeka, na Baba, mtu mzima mwenye ndevu, akalifikiria.

Leo asubuhi akampigia Fundi Kazungu, mwenye gereji kule Kilifi, simu ikiwa kwenye spika. Fundi akamwambia hizo ni diski zimepinda.

"Naam, fundi," Baba akasema, "hata mimi nilishuku hivyo."

Nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo mkononi. Alishuku!

Fundi alikuwa na mtu anayeondoka kwenda Mombasa kuleta vipuri, akataka kujua alete vya mbele tu au na vya nyuma. "Usukani ukitikisika, mbele ni kubovu, hilo limeisha," akasema. "Kiti cha nyuma kikitikisika, basi na nyuma kumeoza. Nenda barabarani ujaribu, na simu usikate."

"Nitajuaje cha nyuma, na mimi niko mbele?"

"Huna mtoto hapo?"

Baba akanitazama.

Nikasema sawa, nitakaa nyuma, nitasema kama kinatikisika au la. Jambo dogo. Lakini fundi akakataa. "Watoto huota vitu. Mwambie aseme 'aaa' mfululizo, kwa nguvu, nisikie mwenyewe kwenye simu. Kiti kikitikisika, sauti itakatikakatika kama ya mbuzi. Ikinyooka, nyuma kuko sawa. Sauti haidanganyi."

"Baba, sitaki."

"Hutaki nini? Jana umemfokea mdogo wako mpaka majirani wakatoka nje."

Basi nikajikuta kiti cha nyuma, simu mkononi, spika imewashwa. Madirisha yote wazi kwa sababu ya joto. Baba akashika njia ya Kilifi, akakoleza mwendo.

"Haya, anza."

"Aa," nikasema, polepole.

Akakanyaga breki. Usukani ukacheza ngoma. Simuni, fundi: "Mbona sisikii kitu? Mtoto amelala?"

Mara ya pili nikajitahidi kidogo, lakini pumzi ikaniishia kabla Baba hajafika kwenye breki. Fundi akasema hiyo ni kama paka aliyekanyagwa mkia, turudie. Baba akanigeukia (anaendesha, jamani) akaniambia, "Sidi, mtu wa Mombasa anaondoka. Sisi hatuna siku nyingine. Nani anakusikia hapa? Ni minazi tu."

Hapo damu ikanichemka. Nikafikiria diski nilizozitaja mimi. Nikafikiria "hata mimi nilishuku." Nikafunga macho, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, nikaiachia.

"Aaaaaaaaaaaa."

Sijawahi kutoa sauti kama ile. Ilitoka pana, juu, safi, hata mimi mwenyewe nikashtuka. Nikasikia Baba akikanyaga breki, mwili ukaenda mbele, lakini kiti kimetulia kama sebuleni. Sauti haikukatika hata chembe. "Endelea, endelea!" fundi anapiga kelele. "Usikate mpaka gari lisimame!" Nikaendelea. Gari likapunguza mwendo, likapanda tuta, likashuka, likasimama. Nikamalizia pumzi yangu yote, nikafumbua macho.

Tuta gani? Tuta la shule yetu. Sehemu hiyo Baba aliichagua kwa sababu, nanukuu, "pale kila mtu hukanyaga breki, hatutagongwa nyuma."

Nje ya geti, kivulini, kwaya yote ilikuwa imetoka kupunga upepo. Chupa za maji mikononi. Vinywa wazi. Na katikati yao Madam Rehema, kama hatua tatu kutoka dirishani kwangu.

Na fundi, kutoka kwenye spika: "Sauti imenyooka! Safi kabisa! Haina kasoro yoyote!"

Nikajaribu kukohoa. (Ndiyo. Nilijaribu.)

Baba akashuka, uso unang'aa. "Mwalimu, habari za kazi? Umesikia hiyo? Haikutetemeka hata kidogo."

"Nimesikia, Baba Sidi," Madam akasema. "Tena kwa masikio yote mawili."

Akainama dirishani. "Shikamoo, Madam," nikanong'ona, sauti ya mgonjwa mahututi.

"Marahaba. Pole na koo."

"Koo gani?" Baba akauliza.

Wenzangu walikuwa wameanza kushikana mabega kwa kicheko. Madam akafungua mlango wa gari, taratibu kama anampokea bibi harusi. "Shuka, mwanangu. Mazoezi hayajaisha. Na noti hiyo hiyo ndiyo tutakayoanza nayo siku ya wazazi."

Baba aliniacha pale akaondoka zake na simu yake. Nimerudi nyumbani jioni nikamkuta kibarazani na jirani, anamweleza namna alivyogundua mwenyewe kwamba ni diski za mbele peke yake. Alitumia akili tu, anasema. Na siku ya wazazi atakuja na gari likiwa limetengenezwa, akae safu ya kwanza.

Mtakaponiona Jumatatu, nisalimieni mpite. Atakayefungua mdomo akasema "aaa", hata kama amekwenda kwa daktari wa meno, tumekosana.