Chaja Isiyo na Msimamo

Kwa Mkuu wa Idara ya Umeme, chuoni kwenu.

Mheshimiwa Mkuu,

Natumaini u mzima. Mtaani kwetu, ukiliondoa jua lenyewe, hakuna anayehusika na umeme wa jua kunishinda mimi. Wananiita Fundi Jua. Shule niliachia darasa la sita, si kwa kushindwa; walimu walikuwa wameishiwa.

Nakuandikia kuhusu mwanafunzi wako ambaye ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alikuja likizo na chaja ya sola aliyoibuni kwa mtihani wake wa mwisho, akaifunga sebuleni kwangu aifanyie majaribio, kati ya paneli iliyo paani na betri iliyo chini ya kochi. Ndani yake mna kompyuta ndogo kama ukucha. Ripoti ya majaribio hayo unayo mezani. Naomba umfelishe, kwa sababu zifuatazo:

1. Chaja haina msimamo. Alinieleza hivi: "Mjomba, paneli ni kama punda. Mzigo ukiwa mdogo, nguvu zake zinapotea bure; ukizidi, anakaa chini. Chaja inaongeza kidogo, inapima, ikiona nguvu zimepungua inarudi nyuma, mpaka ipate pale punda anapotoa nguvu zake zote." Nimeitazama asubuhi nzima. Kweli, inakwenda, inarudi, inakwenda. Mimi nikishasema sirudi nyuma hata mbele pakiwa na ukuta. Kovu ninalo kwenye paji la uso.

2. Imeninyang'anya cheo. Miaka minne mimi ndiye niliyejua betri imejaa: naiwekea kiganja, nafumba macho, natamka, na nyumba nzima inasubiri. Juzi nikatamka, "Imejaa." Chaja ikaandika asilimia arobaini. Dada yangu alicheka mpaka akashika mlango.

3. Imeitukana paneli yangu, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Paneli ni ya wati mia. Saa sita mchana, mbingu haina hata wingu la kusingizia, kioo cha chaja kikaandika thelathini na moja. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, kuna kitu kinaiziba. Nipe ngazi nipande." Nikaikalia ngazi. Paneli ile ni mpya kama siku ilipotoka dukani, kila Jumamosi naifuta mwenyewe kwa kitambaa laini. Chaja akaiacha hapa, akaondoka na ripoti iliyoandikwa: "Sababu ya upungufu haijulikani, mwenye nyumba amekalia ngazi." Anasema sentensi hiyo itamkosesha cheti. Basi na imkoseshe.

4. Mke wangu ameuliza kama mpwa anaweza kutengeneza chombo kingine cha kupima maneno yangu. Leo paneli, kesho mimi, keshokutwa wewe, Mheshimiwa, unafundisha huku ubao nyuma yako unaandika asilimia.

Kwa hiyo umfelishe, lakini kwa upole maana ni mtoto mzuri, na chuo kinipe barua yenye mhuri kwamba paneli yangu inatoa wati mia.

Wasalimie walimu wote, karani wako na mlinzi wa getini. Huku kwangu wote wazima isipokuwa heshima yangu.

Ni mimi mjomba mtu,
Fundi Jua.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilipanda paani kutafuta ushahidi. Nikakuta kona imebanduka. Si ya paneli, Mheshimiwa, ni ya nailoni. Ile nailoni ya dukani, niliyoiacha makusudi ili paneli isichakae, kama nilivyoiacha kwenye rimoti na kwenye viti. Jua limeigeuza rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni. Miaka minne nimekuwa nikifuta nailoni.

Nikaivuta yote. Niliposhuka, chaja ilikwenda, ikarudi, ikatulia kwenye tisini na mbili. Nami nimerudi nyuma, kwa mara ya kwanza, na sikuumia.

Mpe mtoto cheti chake. Pale alipoandika "haijulikani", tafadhali futa, uandike "mjomba".