Plastiki Itakayobeba Umeme

Jumatatu, 1 Machi 1982

Leo nimejua kwa nini nilizaliwa. Sabuni ya Séraphine, mke wangu, ilifungwa katika ukurasa wa gazeti la Kifaransa. Nikausoma. Wataalamu wametengeneza plastiki nyembamba inayopitisha umeme! Wanaitia iode, ile dawa ya vidonda.

Nikasimama kwenye dirisha la maabara. Ziwa limetulia. Nikaona redio nyembamba kama ganda la kitunguu, mtu anaikunja na kuitia katika mfuko wa shati. Kengele ililia mara mbili. Wanafunzi wangu wa kemia walijifundisha wenyewe.

Jumapili tutapata mgeni, Profesa, mzaliwa wa huku Nyangezi anayefanya kazi Kinshasa. Ana bourse moja, msaada wa kwenda kusoma Ubelgiji. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Constantin wa fizikia, mtu wa suti ya abacost yenye pasi hata siku ya usafi wa salongo. Umri wa mwisho ni miaka arobaini. Mimi nina thelathini na tisa na nusu. Nikikosa hii, basi.

Jumatano, 3 Machi

Godelive wa dispensari hatoi iode bila kidonda. Nikajikata kidole. Akanipaka tone moja! Nikamwambia nina ndugu sita kule Bagira, wote wameanguka. Akanipa chupa, akanipa pole. Ni mwanamke mwema sana, niliona haya mpaka kwenye kona ya barabara.

Ijumaa, 5 Machi

Nimekata mfuko wa plastiki vipande vinane, nimevilowesha katika iode. Sindano ya galvanometa, kile kipima-umeme, imesogea! Imesogea! Nikafumba macho, nikajiona Ubelgiji, nimevaa koti, theluji inaanguka polepole juu ya mabega.

Nilipofumbua, Constantin alikuwa mlangoni. Nikavikalia vipande. Akasema kinachopitisha umeme ni ile dawa, si plastiki. Niache vikauke, nipime tena. Wivu. Vilipokauka nikapima. Sindano ililala. Lakini galvanometa ni ya idara yake.

Suruali imeharibika.

Jumamosi, 6 Machi

Salongo. Nilifagia mahali pamoja asubuhi nzima, nikiwaza nyumba zenye kuta zinazoimba. Séraphine anasema nimwambie Profesa ukweli, kwamba jaribio bado. Nimempenda miaka kumi na minne, lakini sayansi haijui.

Jumapili, 7 Machi



Profesa amefika kula kwetu baada ya misa. Pamoja na Constantin! Kumbe Séraphine ndiye aliyemwalika. Vipande vilikuwa mezani, vimelowa ili vifanye kazi. Nikavificha haraka katika kitambaa cha karibu. Taulo ya mgeni, ya kahawia.

Tukanawa. Séraphine akavitoa vipande, akampa Profesa taulo, mgeni peke yake. Sisi tulikung'uta mikono.

Bugali ya muhogo ilikuwa moto, haikuonyesha kitu. Profesa akasimulia habari za Kinshasa, tonge limekaa mkononi. Likapoa. Likawa buluu. Halafu jeusi.

Hapa kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa. Profesa akaliweka tonge mbele yangu, taratibu.

“Papa, kula wewe kwanza.”

Ningesema neno moja tu: iode. Lakini Constantin alikuwa pale, angeiba siri yangu! Nikasita. Séraphine akafunika uso. Profesa akainuka, akatafuta kofia yake.

Ni Constantin aliyesema: “Profesa, hii haiko sumu. Iko iode, ilitoka mu taulo. Ikigusa muhogo inakuwa nyeusi. Hata muchele, hata birayi, hivi viazi.” Akalichukua tonge, akalila yeye.

Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nawaza amejuaje. Mgeni aliondoka bila kuaga.

Jumatatu, 8 Machi

Séraphine amelia. Nimeumia kuliko nilivyotegemea.

Jioni Constantin amekuja. Amekwenda kumwona Profesa, ameniombea msamaha. Amemwambia bourse iende kwangu, yeye bado kijana, ataisubiri nyingine! Profesa amekubali kurudi kula Alhamisi, kabla ya ndege. Anataka jambo moja: nikiri kwamba plastiki ilipokauka haikupitisha umeme. Mtu anayekubali kushindwa, anasema, ndiye anayefaa maabara.

Constantin alinishika bega. Mtego ulioje!

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Sikiri kitu. Vipande visikauke, basi. Nimevilowesha upya, chupa nzima, nimevifunga katika ile taulo vibaki na unyevu mpaka dakika ya mwisho. Na kosa la Jumapili nimelijua: muhogo. Nimemwambia Séraphine apike wali, mchele mzuri wa Luberizi, mweupe kabisa.