Mtulivu Juu ya Godoro

Jumatatu, 4 Mei
Nimechaguliwa! Ijumaa nitalieleza godoro letu jipya mbele ya wanunuzi wakubwa. Meneja kasema nikifanya vizuri, ukuu wa idara ya mauzo ni wangu. Kasuku, jirani yangu wa meza, mtu asiye na lolote ila mdomo, kanipongeza kwa meno yote thelathini na mawili. Anataka cheo hicho hicho. Tangu saa nne tumbo linanicheza. Chooni mara sita.

Jumanne, 5 Mei
Duka la dawa. Nimeomba mitishamba ya kutuliza wasiwasi, kitu kisicho na madhara. Mfamasia, binti mwenye miwani, akasema mitishamba nayo ni dawa, kwa hiyo nimweleze kwanza kama kuna dawa nyingine zinazotumika. Nikataka kutaja vidonge vya mafua, vile ninavyomeza kwa sababu ya vumbi la pamba kiwandani. Nikageuka. Nyuma yangu kwenye foleni, shemeji yake Kasuku! Masikio wazi! Nikajibu kwa sauti nzito kwamba hakuna dawa nyingine, na hii yenyewe ni ya mama mkwe. Binti akanipa kopo. Kidonge kimoja tu jioni, kisichanganywe na chochote kinacholeta usingizi, na mama wasiwasi ukimzidi amwone daktari. Mama mkwe, asiyeogopa hata polisi!

Jumatano, 6 Mei
Nimebandua lebo, nikaandika "Vitamini". Mke wangu kauliza vitamini gani zinanuka soksi. Za ng'ambo, nikamwambia. Nimemeza kimoja. Tumbo bado linacheza. Dozi ya mama mkwe hii, si ya mwanamume mwenye hotuba.

Alhamisi, 7 Mei
Balaa. Mama mkwe kapita duka la dawa kununua dawa ya meno, mfamasia, anayeifahamu familia yetu, akampa pole ya wasiwasi. Kapiga simu. Anataka kujua ni mwehu gani anayemtangaza mtaani. Nimelaani umbea wa watu.

Ijumaa, 8 Mei, jioni
Asubuhi nilimeza vitatu. Kiwandani chafya zikaanza, nikaongeza kidonge cha mafua. Wasiwasi kwisha! Nikasimama mbele ya wanunuzi, mtulivu kabisa. Nikasema "Waheshimiwa", nikaketi ukingoni mwa godoro kuonyesha uimara wake.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mke wangu, naye kasimuliwa na wenzangu wa kazini. Nilikoroma. Kasuku akaimalizia hotuba huku akininyooshea rula. Wanunuzi wakaagiza magodoro mia nne! Wenzangu waliponitikisa nisiamke, wakanikimbiza zahanati. Daktari kanikaripia kama mtoto: vidonge vya mafua navyo huleta usingizi, na ule mchanganyiko ungeweza kunizimisha moja kwa moja. Niliogopa, nakiri. Mke wangu alikuwa amelia. Nimeapa kwake kwamba kuanzia leo mfamasia ataambiwa kila kitu.

Jumatatu, 11 Mei
Ukuu kapewa Kasuku. Amri yake ya kwanza: wiki ijayo kuna maonyesho, nami nitalala juu ya godoro mbele ya umma siku tatu mfululizo. Wateja wamenipenda. Kulala huku natazamwa! Tumbo limeanza tena. Kopo limefungiwa kabatini, ufunguo anao mke wangu, na yule binti mwenye miwani ananijua kwa sura.

Hakuna neno. Mtaa wa pili kuna duka jingine la dawa. Nitasema ni za baba mkwe.